Macho ya Wazee Wetu

Katika Mwanzo sura ya 27 tunasoma habari za mzee Isaka, ambaye alikuwa haoni tena sawasawa. Nyumbani mwake walijua. Mmoja aliutumia udhaifu huo kumdanganya, wala hatusomi kwamba yuko aliyemshika mkono. Sisi hatuwadanganyi wazee wetu, lakini mara nyingi twasema, "Ni uzee tu," tukawaacha wameketi kivulini.

Mzee mwenyewe hasemi. Nuru hupungua polepole, naye huzoea. Huacha kusoma Biblia akisingizia taa, hujikwaa kizingitini, hamtambui jirani mpaka asikie sauti. Tena jicho zima huficha jicho bovu. Ndiyo sababu mhudumu wa zahanati hufunika jicho moja kwanza, kisha la pili.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mzee huketi mita 6 mbele ya chati ya herufi, kama ile iliyotolewa na daktari Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huelekeza kwa mkono tu. Akishindwa, hutazama kupitia tundu dogo: akiona afadhali, huenda miwani itamfaa, asipoona, kuna ugonjwa wa kutafutwa. Huko Nakuru watu 300 wa miaka 55 na zaidi walipimwa kwa simu ya mkononi, hata nyumbani kwao, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalikaribiana na ya chati.

Lakini kupima si kuponya. Mwaka 2022 kamati ya wataalamu wa kinga huko Marekani ilisema ushahidi bado hautoshi kuamua kama kila mwenye miaka 65 na zaidi asiyelalamika apimwe kwa daktari wa kawaida. Katika majaribio waliyoyachunguza, waliopimwa hawakuonekana kuona vizuri kuliko wengine. Sisi hatushangai. Barua ya kwenda hospitali ikilala mfukoni mwa koti, jicho litapata faida gani?

Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, lenzi ya bandia ikawekwa mahali pake, na wengi huona tena. Presha ya jicho ni jambo jingine: mara nyingi haiumi, na nuru iliyokwisha potea hairudi, dawa ya matone hulinda iliyobaki. Hapo kungoja mpaka mavuno yaishe ni hasara kubwa. (Na tafadhali, maji ya majani yasitiwe jichoni.)

Hospitali ya P.C.E.A. Kikuyu ilianza kitengo chake cha macho mwaka 1975, kwa hiyo kazi hii si ngeni kwa makanisa yetu. Basi mzee akipewa barua, tuulizane siku hiyo hiyo, kabla hajavua koti: nani atakwenda naye, na nauli iko kwa nani?