Sanduku la Kikundi Laendaje Nyumbani?

Mavuno ya pamba yakiisha kuuzwa, fedha huonekana mikononi mwa watu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Baba hununua mabati, mama hulipa deni la dukani, watoto hupata madaftari. Kinachobaki, siku hizi, familia nyingi za mkoa wa Simiyu hukipeleka katika kikundi cha kuweka na kukopa. Wengine huviita vikundi hivyo vikoba, wengine husema tu “hisa”. Jina si neno. Kazi ni moja.

Utaratibu wake twaujua. Watu ishirini au thelathini wanaoaminiana hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa moja mpaka tano. Mwenye shida huomba mkopo, akaurudisha na faida kidogo. Mwaka ukiisha, kikundi huvunjwa na kila mtu hupata fungu lake. Mpango wa namna hii ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilipowasaidia akina mama wa vijijini kuweka akiba yao wenyewe. Ukaenea Afrika, ukafika Zanzibar katika vijiji vya karibu na msitu wa Jozani, ukafika na bara.

Fedha ya kikundi hukaa katika sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hushikwa na mtu wa nne. Mpango mzuri sana! Lakini mkutano ukiisha, mama mmoja huinua sanduku lile, hulitia kichwani, akashika njia ya kwao. Juu ya safari hiyo fupi watu hawazungumzi sana, na wezi huiwaza mno. Basi leo tuizungumze.

Fedha si kidogo

Tufanye hesabu. Tuseme kikundi kina watu 25, na hisa moja ni shilingi 2,000. Kila mtu akinunua hisa tatu kwa wiki, jumla ni shilingi 150,000. Katika wiki 50 zapatikana shilingi 7,500,000, bila kuhesabu faida ya mikopo. Hiyo ni ada ya shule, ni mbegu, ni dawa ya mgonjwa. Ikipotea usiku mmoja, hazipotei fedha tu. Jirani humshuku jirani, ndugu huacha kusalimiana, na mama aliyetunza sanduku hubaki na jina baya hata kama hana kosa.

Mwizi hajui kwa uchawi

Mwizi hahitaji mganga ili ajue mahali penye fedha. Hutazama tu. Mkutano ni Jumatano ileile, saa ileile, chini ya mti uleule. Sanduku lapita njia ileile, juu ya kichwa cha mtu yuleyule, nalo lamulika juani na makufuli yanagongana kama njuga za ng'ombe. Watoto wa mji wanamkimbilia mama yao wakiita, “Mama kaleta sanduku!” Nani tena hajasikia?

Wako wengine ambao kwa kuogopa hayo huzidisha kosa. Hungoja giza. Hupita vichochoroni, hutazama nyuma kila hatua, hunyamaza wakisalimiwa. Mtu wa namna hiyo hujitangaza mwenyewe. Katika Usukuma mtu anayepita kimya bila kusalimu, amekumbatia mzigo usiku, ataulizwa habari zake na sungusungu kabla hajafika mbali. Nao wana haki, maana tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kazi yao ni kuwauliza watu wa namna hiyo.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani uko mchezo wa kuficha vyombo porini ili wengine wavitafute kwa kifaa kinachosoma alama za setilaiti. Ulianza tarehe 3 Mei 2000, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alipoweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo. Leo vyombo vya mchezo huo vimefichwa karibu dunia nzima. Wachezaji wake husumbuka na shauri hilihili: chombo kikubwa kitafikishwaje mahali pake watu wasikitolee macho? Mwezi wa Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu mmoja alionekana karibu na mkahawa akiweka kijisanduku kwa namna ya kushukiwa. Polisi wakaitwa, barabara ikafungwa, na wanajeshi wakakilipua kijisanduku wakidhani ni bomu. Kumbe ni mchezo! Kilichowashtua watu ni jinsi mtu yule alivyojificha, wala si ukubwa wa kijisanduku chake.

Jinsi ya kulibeba

Basi kanuni ya kwanza ni hii: sanduku libebwe kama mzigo wa kila siku. Mama akipita na beseni la unga kichwani, nani atamtazama? Kijana akipita na gunia la mashudu nyuma ya baiskeli, nani atamwuliza? Sanduku dogo laingia katika beseni au tenga na kufunikwa kwa khanga. Sanduku kubwa laingia katika gunia, na pumba kidogo juu yake.

Pili, lisilie. Makufuli yafungwe kwa kitambaa, na ndani sarafu zitiwe katika mfuko, vitabu vya wanachama vijaze nafasi iliyobaki.

Tatu, mchana ni bora kuliko usiku. Saa ile ng'ombe wanaporudi na watu wanatoka kisimani, njia ina wenyeji wengi na kila mmoja ana mzigo wake. Kupita hapo ni salama kuliko kupita peke yako gizani.

Nne, wawili ni bora kuliko mmoja, na wawili ni bora kuliko kumi. Mtu peke yake huporwa. Msafara wa kumi huuliziwa. Akina mama wawili wanaoongea habari za mihogo hawashangazi mtu. Wasalimu kila wanayekutana naye, wasiharakishe.

Tano, njia na saa zibadilike. Vikundi vingine vyenye busara hubadilisha hata mchukuzi: sanduku laondoka na huyu, lalala kwa yule.

Mahali pa kuliweka

Hapa hatutataja mahali, maana mwizi naye husoma gazeti. Tutataja pasipofaa. Chini ya kitanda hapafai, ndipo mwizi anapoanza. Kulifukia ardhini hakufai: unyevu huozesha noti, chuma hupata kutu, na mchwa wa kwetu hawana huruma na vitabu vya hesabu. Chini ya paa la nyasi hapafai kwa sababu ya moto. Kihenge kilicho nje ya nyumba hakifai, kwa kuwa usiku hakuna anayekisikia.

Tena siri isikae kwa mtu mmoja tu. Mtunza sanduku akifa ghafula au akipelekwa hospitali ya mbali, nani ajuaye? Awepo mtu wa pili, mwaminifu, anayepajua mahali. Na watoto wa nyumba wasidanganywe. Waambiwe wazi: “Mambo ya ndani hayasemwi kisimani.” Mtoto aliyefundishwa hutunza siri kuliko mtu mzima aliyelewa pombe.

Siri iliyo kubwa kuliko zote

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusijidanganye. Kikulacho ki nguoni mwako. Beseni na khanga humdanganya mpita njia. Hazimdanganyi mwanachama mwenzako, wala mume, wala shemeji anayejua siku na saa. Dhidi ya huyo kinga ni moja tu: sanduku liende nyumbani jepesi.

Fedha ya kikundi haikuwekwa ili ilale. Ikikopeshwa yote palepale mkutanoni, kwa mama wa mboga, kwa fundi baiskeli, kwa mkulima anayetaka kulimiwa shamba, sanduku litakalobebwa lina vitabu, muhuri na shilingi chache. Kilichobaki kihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, na kila mmoja akishike kichwani mpaka wiki ijayo. Kisha habari hiyo isifichwe hata kidogo. Kijiji chote na kijue kwamba sanduku lile hulala karibu tupu. Mwizi atavunjia nini mlango?

Hatari huja mwishoni mwa mwaka, mikopo inaporudishwa. Vikundi vingi huikusanya majuma mawili matatu kabla ya kuvunja, na sanduku hulala limejaa. Hilo ndilo kosa kubwa. Afadhali marejesho ya mwisho yaletwe siku ileile ya mgao, asubuhi, na jioni kila mtu awe ameondoka na fungu lake. Ikiwa haiwezekani, fedha ipelekwe katika akaunti ya kikundi benki, au itunzwe kwa njia ya simu, ambayo imekuwapo nchini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Lakini namba ya siri ya simu nayo ni ufunguo. Isishikwe na mtu mmoja.

Mwisho, kikundi kiandikishwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya jamii, na maombi hupitia halmashauri. Kikundi kilichoandikishwa kina mahali pa kupeleka malalamiko; kisichoandikishwa hubaki kulaumiana chini ya mti.

Basi katika mkutano ujao, kabla ya kufungua makufuli, mwenyekiti na aulize maswali matatu. Sanduku letu lapita njia gani? Nani wawili wapajuao mahali linapolala? Na jana usiku lililala na shilingi ngapi? Wanachama wakijibu la tatu kwa kusema “chache sana”, na waende nyumbani walale usingizi. Akiba haiozi, lakini yataka watu wenye macho.