Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Kuleta Paka Nyumbani

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, mahindi ya masika yaingiapo ghalani, yapata mwezi wa Julai na Agosti, panya nao huyafuata. Wakati huo watu wengi hukumbuka paka, wakamtafuta kwa jirani au sokoni. Jambo hilo ni jema. Lakini paka si mtego wa kununuliwa na kutegwa mlangoni. Ni mnyama mwenye tumbo, maradhi na uzazi, na atakaye faida yake hana budi kutengeneza mambo manne.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Asichukuliwe mtoto wa paka ambaye hajatimiza majuma manane, kwa maana bado anamhitaji mama yake, ambaye humnyonyesha na kumfundisha kuwinda. Mtazame vema: macho yawe maangavu, pua isitoke kamasi, na tumbo lisiwe limevimba, kwani uvimbe huo mara nyingi ni dalili ya minyoo.

Jambo la pili ni sumu. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya aliyeila huenda siku kadhaa huku akilegea. Paka humkamata kwa urahisi, akala sumu ile ile. Basi mtu na achague moja: sumu au paka. Na kwa kuwa mashamba ya huku ni madogo na nyumba zimekaribiana, paka wako atavuka ua. Yafaa uwaarifu majirani kabla hajafika, wapate kuondoa sumu zao. Tena, dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kamwe kuua viroboto vya paka. Baadhi ya dawa hizo zimetengenezwa kwa kuiga nguvu ya pareto, ua lijulikanalo sana katika vilima hivi, na mwili wa paka hauwezi kuzistahimili kama uwezavyo mwili wa ng'ombe. Hata kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua.

Jambo la tatu ni kichaa cha mbwa. Paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa aweza kuuleta ugonjwa huo mpaka kwa watoto jikoni. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Lakini mpango hauwezi kufaulu ikiwa wenye wanyama hawawapeleki kuchanjwa. Paka achanjwe atimizapo miezi mitatu, kisha kama aagizavyo daktari wa mifugo. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka anayeshukiwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo. Asingoje kuona kama paka atakufa, kwa sababu dalili zikishatokea kwa mtu, kupona ni shida mno.

Jambo la nne ni chakula na uzazi. Wengine husema kwamba paka mwenye njaa ndiye mwindaji hodari. Sivyo, paka huwinda kwa tabia yake, hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa huiba mboga na vifaranga. Ugali na maziwa peke yake havimtoshi, kwa kuwa mwili wake wataka nyama au samaki. Omena kidogo kila siku, pamoja na maji safi, vitamsaidia sana. Ajue pia mwenye paka jike kwamba huweza kushika mimba kabla ya kutimiza nusu mwaka, na kuzaa baada ya siku kama 63. Kuwatupa watoto wake mtoni au kando ya barabara ni ukatili. Njia iliyo bora ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi mapema.

Kwa hiyo atakaye paka asihesabu bei ya sokoni tu. Na ahesabu pia omena, chanjo, na maneno atakayosema na jirani yake. Akiona aweza kuyatimiza hayo yote, na amlete paka wake.