Kuziba Dohani Isiyotumika Katika Nyumba za Misheni

Katika sehemu zetu za baridi, kama Njombe, Makete na milima ya Usambara, bado zipo nyumba za misheni zenye meko ya ukutani na dohani ya matofali. Wamisionari wa Berlin, walioingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na wengine waliowafuata, walijenga kwa desturi ya kwao. Kwa baridi ya Julai huko Makete hatuwezi kuwalaumu. Leo mengi ya meko hayo hayawashwi tena, na dohani imebaki njia ya mvua, popo na nyuki. Ndiyo maana kamati za parokia na sharika hutaka kuiziba.

Njia iliyozoeleka ni kusokomeza magunia kutoka chini. Haina gharama, lakini ni mtego. Padre au mchungaji huhamishwa, mwingine anakuja, anaona meko mazuri na kuwasha moto. Moshi haupati pa kutokea, na gunia kavu lililojaa masizi laweza kushika moto humo humo.

Hata dohani iliyozibwa vizuri inakiondolea chumba tundu lake kubwa la hewa, na hapa ndipo tunapowaomba wanakamati wawe makini zaidi. Baridi ikizidi, familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa uliokolea hautoi moshi, kwa hiyo watu hudhani ni salama. Kumbe unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyekwisha kulala huenda asiamke. Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Jiko la mkaa lisilale ndani, iwe dohani imezibwa au haijazibwa.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya yote, hakikisheni kwamba jiko la kuni la upande wa pili wa ukuta halitumii dohani hiyo hiyo. Kisha masizi yasafishwe yote. Nyuki aitiwe mrina asali. Popo wasubiriwe watoke jioni, na kazi isifanywe wakati wana watoto wasioweza kuruka.

Juu, fundi aweke bamba la zege lililoinuliwa kwa vipande vya tofali kwenye pembe, na pande zilizo wazi zifungwe wavu wa chuma. Mvua haiingii, hewa inapita. Chini, mdomo wa meko ujengwe kwa matofali na udongo wa chokaa, si saruji kali, ili siku moja paweze kufunguliwa bila kubomoa ukuta. Karibu na sakafu liachwe tundu la hewa la kama sentimita 22 kwa 15, lenye wavu.

Mafundi wengi hubisha kuhusu tundu hilo. Lakini matofali ya dohani hupigwa na mvua kila masika na lazima yakauke, na masizi yaliyobaki yana chumvi zinazovuta unyevu. Mkiziba juu na chini kabisa, madoa ya kahawia yatatokea ukutani na kurudi kila mnapopaka rangi.

Kwa wafadhili wetu: tunajua dohani haina picha nzuri kama darasa jipya. Hata hivyo msishangae mkiona katika makisio fedha ya jukwaa la fundi. Paa la nyumba hizi ni refu na lenye mteremko mkali, na ngazi ya kuegemeza haitoshi.

Kazi ikiisha, katibu aandike katika daftari la mali ya parokia: dohani ipi imezibwa, mwaka gani, na kwamba moto usiwashwe hapo. Mgeni atakayekabidhiwa nyumba asomewe ukurasa huo kabla ya kupewa funguo.