Walimu wa Kigeni Vijijini Akita

Mkoa wa Akita, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Honshu nchini Japani, unajulikana kwa mchele, pombe ya mchele na theluji nyingi. Mwaka 2017 wakazi wake walishuka chini ya milioni 1, na zaidi ya mtu 1 kati ya 3 amevuka umri wa miaka 65. Vijana wanahamia Sendai au Tokyo. Shule zinafungwa au kuunganishwa. Huko vijijini, mgeni ambaye watoto wengi wanamfahamu kwa jina ni mwalimu msaidizi wa Kiingereza.

Baadhi ya walimu hao nchini Japani huletwa na Programu ya JET, iliyoanza mwaka 1987 na washiriki 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Siku hizi wanatoka nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwamo. Mwombaji lazima awe na shahada, lakini si lazima awe amesomea ualimu wala ajue Kijapani. Anaruhusiwa kutaja mahali anapopapenda, ila uamuzi si wake. Mkataba ni wa mwaka 1, nao huweza kuongezwa hadi miaka 5.

Darasani msaidizi hayuko peke yake; mwenye somo ni mwalimu wa Kijapani. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo rasmi katika darasa la 5 na la 6, na mazoezi ya lugha huanza darasa la 3, hivyo mwalimu mmoja huzungushwa shule kadhaa. Kazi yake hutegemea sana mwalimu huyo mwenyeji. Kwa mmoja atapanga kipindi kizima; kwa mwingine atasoma aya kwa sauti, watoto wamfuatishe, basi. Huko kwa wa pili ni kumpoteza bure mtu aliyesafiri kutoka mbali. Mchana hula pamoja na wanafunzi, ambao wenyewe hupakuliana wali, supu na samaki wakiwa wamevaa aproni na barakoa. Kisha shule nzima hushika mifagio na matambara. Msaidizi mwenye busara hushika tambara pia, maana ndipo mtoto mwenye haya hujaribu sentensi yake ya kwanza bila kuogopa alama.

Mtihani mkubwa zaidi ni majira ya baridi. Nyumba nyingi za mashambani hazipashwi joto zote. Chumba kimoja huwashiwa jiko la mafuta ya taa, vingine hubaki baridi. Maji yasipotolewa kwenye mabomba usiku wa baridi kali, huganda na mabomba hupasuka. Alfajiri kuna theluji ya kuondoa kwa sepetu kabla gari halijatoka, na gari ni la lazima kwa kuwa treni hupita mara chache. Mwenye leseni ya Uingereza hubadilishiwa bila kupimwa barabarani. Wa Afrika Kusini hupimwa upya.

Majirani, wengi wao wazee, ndio shule ya pili. Wao humfundisha siku ya takataka za kuchoma na siku ya chupa, na humwachia figili na kabichi mlangoni. Usiku wa Desemba 31, katika rasi ya Oga, wanaume waliovaa vinyago vya Namahage hupita nyumba kwa nyumba wakiwakemea watoto wavivu. Mila hiyo iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2018, lakini wavaaji wanapungua, na baadhi ya vijiji vimekwisha kuwakaribisha hata wageni.

Upweke upo, hasa kwa asiyejifunza Kijapani, na wengi huondoka mapema. Anayebaki hadi mwaka wa 5 huwa anajua lahaja ya kijiji, wazazi wa wanafunzi na njia zote za mlimani. Hapo ndipo muda wake wa JET unapokwisha. Mkoa unaokimbiwa na vijana haufai kumwachia mtu huyo aende. Manispaa zinazomwajiri zenyewe baada ya hapo zinafanya jambo la maana, na nyingine zingefaa kuziiga.