Nunua Koki Inayotengenezeka

Kwenye rafu ya duka la vifaa vya ujenzi, koki zote hung'aa. Mng'ao huo ni utando wa kromu, mwembamba kuliko unywele, na hushika vizuri juu ya brasi, juu ya aloi ya zinki, na hata juu ya plastiki ngumu. Macho basi hayawezi kumsaidia mnunuzi, na bei nayo humdanganya mara nyingi, kwa sababu sehemu yake kubwa hulipia umbo. Swali la kumtangulizia muuzaji ni hili: koki hii ikianza kuvuja, inafunguliwa wapi, na kile kitakachokuwa kimechakaa ndani yake ninakipata hapa kwako? Asiyeweza kujibu anakuuzia kitu cha kutupwa, hata kama kimeandikwa dhamana ya miaka kumi kwenye boksi. Hakuna koki isiyochakaa. Tofauti iko katika kinachochakaa: sehemu ndogo ya bei nafuu, au koki nzima.

Koki ya kawaida ya kuzungusha imelijibu swali hilo kwa muda mrefu. Ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1845, kwa kazi ya Edward Chrimes wa mji wa Rotherham, na muundo wake haujabadilika sana hadi leo. Ndani yake mna skrubu inayoshuka na kukandamiza kipira, kile ambacho mafundi hukiita wosha, juu ya tundu la maji. Uzuri wake uko hapo hapo: kipira laini ndicho kinachoumia ili chuma kisiumie. Koki ikianza kudondosha, hufungwa maji, hufunguliwa kwa spana, hubadilishwa kipira, na kazi imekwisha. Kosa linaloiua ni la mikono yetu. Tone likionekana tunakaza kwa nguvu zaidi, kesho tunakaza tena, mpaka kipira kinasagika na maji yanapenya kwa kasi na kuchimba mifereji pale kinapokalia. Ikifika hapo, kipira kipya hakitasaidia. Koki inayohitaji nguvu kufungwa inaomba kipira kipya, na ipewe wiki hiyo hiyo.

Muundo huo hauna maana ikiwa mwili wenyewe ni dhaifu. Brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ni nzito. Aloi ya zinki ni nyepesi kuliko brasi, na plastiki ni nyepesi kabisa. Ukishika koki mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono, tofauti utaihisi. Hata hivyo uzito si ushahidi kamili, kwa hiyo tazama pia nyuzi za skrubu pale koki inapoingia ukutani, mahali ambapo mara nyingi kromu haikufika: rangi ya njano inaonyesha brasi, kijivu inaonyesha aloi ya zinki. Kwa mtu wa pwani jambo hili ni zito zaidi. Maji ya visima vingi vilivyo karibu na bahari yana chumvi, na chumvi hula metali. Hata brasi duni hupoteza zinki yake polepole, ikabaki na vitundu na kuvunjika wakati fundi anaifungua tu. Huko Unguja, maji mengi hupita kwenye mawe ya matumbawe, na yana chokaa inayoganda kwenye mdomo wa koki na kuziba matundu ya shawa. Chokaa hiyo huyeyuka kwa siki: fungua kichwa cha shawa, kiloweke saa chache, kisugue kwa mswaki wa zamani. Usitumie asidi kali za kusafishia choo, maana zitaondoa chokaa pamoja na kromu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kizamani, kwa kuwa koki za kisasa zenye diski za kauri hazina kipira na hudumu zaidi. Wana hoja, na sipendi ipuuzwe. Diski mbili laini za kauri zinazoteleza moja juu ya nyingine zinaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuguswa, na hufunguka kwa robo mzunguko, jambo la heri kwa mzee mwenye maumivu ya vidole. Ila kauri inataka maji safi. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao. Na popote penye mgao, maji yakirudi husukuma mchanga na kutu iliyotulia ndani ya mabomba. Chembe moja ikiingia kati ya diski hukwaruza, na mkwaruzo huo ni mvujo wa kudumu. Anayezitaka koki hizi afanye mambo mawili. Aweke chujio kwenye bomba linalotoka kwenye tangi, na asafishe lile tangi lenyewe. Kisha achague koki ambayo katriji yake ni ya kipimo kilichozoeleka: kwa koki za mkono mmoja za kuchanganya maji moto na baridi, katriji za milimita 35 na 40 ndizo nyingi sokoni. Umbo la ajabu lenye katriji yake ya pekee litakufanya ubadilishe koki nzima.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wachache hukiuliza, nacho ni msukumo wa maji. Kila mita 10 za kimo kati ya maji ya tangini na koki hutoa takribani baa 1. Tangi lililo juu ya mnara, mita 3 kutoka usawa wa shawa, linakupa baa 0.3 tu, na mabomba membamba yenye kona nyingi hupunguza hata hiyo. Shawa nyingi pana za kisasa zimetengenezwa kwa baa 1 au zaidi. Ukifunga mojawapo hapo, maji yatakutiririkia kinyonge na utamlaumu fundi bure. Nchini Uingereza, ambako nyumba nyingi za zamani hutumia matangi ya darini, maboksi ya koki huandikwa msukumo wa chini unaohitajika. Isome namba hiyo kabla ya kulipa, au inua mnara, au nunua shawa ndogo.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la pesa: mwenye kipato kidogo hana uwezo wa kununua brasi. Lakini koki ya brasi isiyo na mapambo mara nyingi haizidi bei ya ile ya zinki yenye umbo la kuvutia, na hesabu haiishii dukani. Weka glasi ya mililita 250 chini ya koki inayodondosha. Ikijaa kwa dakika 15, unapoteza lita 1 kwa saa, lita 24 kwa siku, zaidi ya lita 8,700 kwa mwaka. Hizo ni karibu yuniti 9 kwenye ankara, zimelipiwa na hazikumwogesha mtu.

Chooni upotevu ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Kizibo cha mpira chini ya tangi la choo kikikakamaa, maji hupita kimya mchana na usiku. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Likipata rangi, badilisha kizibo. Maji yakifurika kupitia bomba la juu, shusha boya.

Mpangaji atauliza kwa nini ahangaike na nyumba ya mwenzake. Ana haki ya kudai mwenye nyumba agharamie, na adai mapema, kabla ya kuhamia, akiwa bado ana nguvu ya kukataa chumba. Ila ankara, hasa ile ya kugawana kwenye nyumba ya wapangaji wengi, huangukia mfukoni mwake mwezi huu. Jambo moja asilikubali hata akikubali mengine yote: nyumba isiyo na koki ndogo ya kufungia maji chini ya kila sinki na kando ya kila choo. Bila hiyo, kubadilisha kipira kimoja kunakata maji ya wapangaji wote, na kwa sababu hiyo kipira hakibadilishwi. Zikiwapo, zifungwe na kufunguliwa kila baada ya miezi michache. Koki isiyoguswa miaka mitano huganda, na itagoma usiku ule bomba litakapopasuka.