Pampu Imeandikwa Mita 35, Kisima ni Mita 9, na Maji Hayatoki! Shida Iko Wapi?

Wasee, kama uko na mpango wa kumnunulia mathe pampu ya kisima, tulia dakika tatu usome hii kwanza. Mimi nilikimbilia dukani bila kuuliza, na ilinikula doh.

Mwaka jana, baada ya kuachana na kolegi na kuanza kuandika, nilijibana nikaweka ngiri 12 kando. Mathe anaishi nje kidogo ya Eldoret, na miaka yote anavuta maji kwa kamba na ndoo. Mgongo umeanza kumsumbua. Nikaingia duka moja tao, nikamwambia muuzaji kisima si kirefu sana. Akanitolea pampu ndogo ya nusu hosipawa, akanionyesha kibandiko: H.max 35 m. Akaniambia hiyo inatoa maji hata kisima cha mita 30. Nikalipa.

Jumamosi tukaifunga. Mota ikanguruma, majirani wamejaa, mitungi imepangwa laini. Maji? Hata tone. Tukabadilisha valvu, tukazungusha tepu upya kwa viungo, tukaiacha iendelee. Kufikia saa kumi jioni ikaanza kunuka. Sili ilikuwa imeungua, na hakuna duka linarudisha pampu iliyoungua.

Mathe alisema tu "ni sawa, mwanangu," akachukua ndoo yake. Manze, hiyo iliniuma kuliko ile doh.

Kibandiko kina namba mbili

Ile H.max ni urefu ambao pampu inaweza kusukuma maji kwenda juu, kwa mfano hadi kwa tangi. Namba ya kuvuta kutoka chini ni nyingine, na mara nyingi imeandikwa pembeni: Suct.max 8 m. Hiyo ndiyo ungeangalia kwanza.

Kwa nini 8 na si 35? Fikiria unakunywa soda kwa mrija. Mdomo wako hauvuti soda. Unatoa hewa ndani ya mrija, halafu hewa ya nje inakandamiza soda na kuipandisha. Pampu inayokaa juu ya kisima inafanya hivyo hivyo. Nguvu ya hewa ikifika mwisho, maji yanasimama, hata ufunge mota ya hosipawa 10.

Sasa skiza hii. Mombasa, karibu na usawa wa bahari, hewa inaweza kuinua maji kama mita 10.3, na hiyo ni kwa hesabu tu. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hivyo hesabu inashuka hadi karibu mita 8. Toa msuguano wa paipu na viungo, unabaki na kama mita 6. Nairobi pia iko juu, kwa hivyo usijidanganye. Kisima cha mathe kilikuwa mita 9. Hiyo pampu haingetoboa hata tungeiombea.

Fanya hivi kabla ya kutoa doh

Pima kwanza. Funga jiwe kwa kamba, lishushe hadi liguse maji, weka alama, kisha pima hiyo kamba. Unachotafuta ni umbali kutoka mahali pampu itakaa hadi uso wa maji, si hadi chini ya kisima. Pima wakati wa kiangazi, juu maji hushuka. Kisima kinachokupa mita 5 mwezi wa Mei kinaweza kukupa 8 mwezi wa Februari.

Chini ya mita 6, pampu ya juu ni sawa. Ikizidi hapo, nunua pampu ya kuzama majini. Hiyo inasukuma tu, haivuti, kwa hivyo shida ya hewa haiko.

Ukiweka ya juu, tumia paipu ngumu isiyopungua upana wa mdomo wa pampu. Hosi ya bustani hujikunja ikivutwa. Paipu ipande moja kwa moja bila nundu, juu hewa hujificha hapo. Valvu yenye kichujio iwe futi moja au mbili kutoka chini, isinyonye matope. Halafu jaza maji kwenye paipu na pampu kabla ya kuwasha. Mafundi huita hiyo kupraimu. Maji yasipotoka baada ya dakika chache, zima. Usifanye kama mimi.

Stima na maji ni noma. Muite fundi wa stima aweke waya wa athi na swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja. Usiunganishe waya kwa selotepu. Pampu ya kuzama ishushwe kwa kamba imara, usiwahi kuivuta kwa waya wake.

Na usijaribu kushusha injini ya petroli ndani ya kisima ndio iwe karibu na maji. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua msee kabla ashtuke.

Kitu cha mwisho: maji kutoka kwa mfereji si lazima yawe safi. Kisima kifupi kikiwa karibu na choo cha shimo, uchafu huingia. Chemsha ya kunywa, au weka dawa.

Ilinichukua miezi minne kupata doh ya pampu ya kuzama. Siku ilipowashwa nilikuwa Nairobi, mathe akanipigia, lakini hakuongea. Aliweka tu simu karibu na mtungi nisikie ukijaa.

Kamba na jiwe ni bure, buda. Pima kwanza.