Je, Wajua? Mkongo Aliyevaa Kofia ya Batman

Ukitaka kuwasha ubishi usiozimika, iwe kwenye kibanda cha video katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, au kwa kinyozi hapa Gulliver, Area 49, uliza swali moja tu: Marvel na DC, nani ana mashujaa wakali? Halafu tafuta pa kukaa, maana giza litakukuta hapo. Vijana wanajua nani ana nguvu gani, nani alimpiga nani, filamu ipi, dakika ya ngapi. Ila yako mambo ambayo hata wabishi sugu hawana habari nayo, na mengine yanatuhusu sisi kabisa.

Mtoto wa mama Mkenya alimwangusha Wonder Woman

Mwaka 1996 Marvel na DC, kampuni mbili hasimu za vitabu vya katuni, zilikubali kuwapambanisha mashujaa wao, na mapambano matano makubwa yakaamuliwa kwa kura za wasomaji. Superman wa DC akamlaza Hulk, Batman akamtoa Captain America. Marvel wakajibu: Spider-Man akamshinda Superboy, Wolverine akammaliza Lobo, na Storm akamwangusha Wonder Woman. Matokeo: Marvel 3, DC 2, na refa ni mashabiki wenyewe!

Sasa huyo Storm, mwenye kuamrisha mvua na radi, alianza kuonekana mwaka 1975. Baba yake ni Mmarekani mweusi, mama yake binti wa kifalme kutoka Kenya, na jina lake la kuzaliwa ni Ororo. Katunini wanasema maana yake ni uzuri. Mswahili akilisikia anafikiria ngozi nyororo ya mtoto mchanga, wala hangetarajia radi.

Batman alipata mwakilishi Kongo

Naam, Kongo. Mwaka 2011 DC walimkabidhi vazi la popo David Zavimbe, polisi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambaye utotoni alilazimishwa kuwa askari. Wakamwita Batwing, wakampa mji wa kulinda uitwao Tinasha. Usiutafute kwenye ramani, ni wa kubuni. Dzaleka wakazi wengi ni Wakongo, na humo wamo watu wasiohitaji katuni kuwaeleza habari za watoto kushikishwa bunduki.

Baada ya takriban miaka miwili tu, vazi likahamishiwa kwa Mmarekani, Luke Fox. Hata mwalimu wa shule ya msingi hahamishwi upesi hivyo.

Superman ni mkimbizi

Tazama maisha yake: kwao kumeangamia, wazazi wamemtia chomboni akiwa mchanga, ametua nchi ya watu bila cheti wala kitambulisho, wakulima wamemlea na kumpa jina jipya. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa familia za Wayahudi waliohama Ulaya. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, ikafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo ina watu zaidi ya 50,000, mara nne au tano ya waliokusudiwa. Mtu aliyepanga foleni ya usajili pale anaielewa hadithi ya Superman bila mkalimani.

Wenyewe walimuuza kwa dola 130

Siegel na Shuster waligawana dola hizo mwaka 1938, na haki zote za Superman zikaenda kwa kampuni. Kitabu alimotokea mara ya kwanza kiliuzwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ya kitabu hicho ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6, yaani bei imepanda mara milioni 60! Kagueni chini ya magodoro ya babu zenu.

Mwanzoni hakuwa anapaa

Superman wa 1938 alikuwa anaruka tu kama panzi, mita 200 kwa mruko mmoja, karibu viwanja viwili vya mpira. Kupaa kulikuja baadaye.

Kapteni aliyepokonywa jina

Katika miaka ya 1940 palitokea shujaa aliyefikia kumpita Superman kwa mauzo: Captain Marvel, wa kampuni ya Fawcett. Wenye Superman wakaenda mahakamani wakidai wameigiwa, kesi ikaburutwa miaka na miaka, na mwaka 1953 Fawcett wakasalimu amri. Miaka ya 1970 DC wakamchukua mtu yuleyule waliyemshtaki wakamfufua. Wakakuta jina limekwenda! Marvel walikuwa wameshalidaka mwaka 1967 na kumpa shujaa wao. Ndiyo maana vitabu vyake vikaanza kuitwa Shazam, neno analotamka ili apigwe na radi na kugeuka shujaa. Binafsi naona hii ni tamu kuliko hadithi zote walizomtungia.

Mahasimu walimiliki neno kwa ubia

Kwa zaidi ya miaka 40, neno la Kiingereza la "shujaa mwenye nguvu za ajabu" lilikuwa alama ya biashara ya Marvel na DC kwa pamoja nchini Marekani. Mwaka 2024 kampuni ndogo ilipinga, na alama hiyo ikafutwa. Ni kama wauza mandazi wawili wasiosalimiana, lakini wameshirikiana kusajili neno andazi.

Kuigana nako!

Mwaka 1963 DC walitoa Doom Patrol, kundi la watu wa ajabu waliotengwa na jamii, likiongozwa na bingwa wa akili aketiye kwenye kiti cha magurudumu. Miezi mitatu baadaye Marvel wakatoa X-Men: watu wa ajabu, wametengwa, kiongozi bingwa wa akili, kiti cha magurudumu. DC wana muuaji wa kukodiwa aitwaye Slade Wilson. Marvel wakaja na wao, Wade Wilson, yule Deadpool mnayemcheka. Mwaka 1971 yakatoka mazimwi mawili ya kinamasi, Man-Thing la Marvel na Swamp Thing la DC, na waandishi wake walikuwa wakiishi nyumba moja. Mmoja wao, Len Wein, ndiye aliyeshiriki kumbuni Storm wetu.

Maji ya Ziwa Malawi yanakwenda kwa Vixen

DC wana Vixen, mwanamke anayeazima nguvu za mnyama yeyote, na kwao ni nchi ya kubuni iitwayo Zambesi. Ziwa Malawi hutoa mto Shire, na Shire humwaga maji yake mto Zambezi, wenye jina kama la nchi hiyo. Marvel wenye nchi yao ya kubuni, Wakanda, na wakae kimya kidogo.

Liongo alikuwa na udhaifu wake kabla ya Superman

Jiwe la kriptonaiti linalomlegeza Superman lilisikika kwanza redioni mwaka 1943. Fumo Liongo wa pwani ya Waswahili, ambaye silaha hazikumdhuru, aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na hadithi yake ilikuwa imechapishwa kitabuni tangu 1870, miaka 73 kabla. Siri aliitoa mwenyewe, kwa mwanawe.

Na yupo aliyezaliwa anatembea

Wanyanga wa Kivu, kule Kongo, wana Mwindo. Alizaliwa anatembea, anasema, na mkononi kashika usinga wa mkia wa nyati. Baba yake hakutaka mtoto wa kiume, akamtia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni, ngoma ikaelea. Daniel Biebuyck aliinakili simulizi hiyo kutoka kwa msimulizi Rureke mwaka 1956, ikachapishwa 1969. Thor wa Marvel ana nyundo, Mwindo ana usinga, na usinga huo ulifufua wafu. Siku moja Mwindo akaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba akamnyakua, akamweka angani mwaka mzima, akipigwa na baridi, mvua na jua, kisha akamrudisha kwa sharti: asiue tena mnyama yeyote.